Tomás Rivera: kibarua wa shambani aliyewaandika watu wake

Leo naomba tumzungumzie mtu ambaye huku kwetu jina lake halisikiki sana, ila kule Marekani, kwa watu wenye asili ya Meksiko, ni jina kubwa. Liko kwenye maktaba ya chuo kikuu, liko kwenye shule, liko kwenye tuzo ya vitabu vya watoto. Anaitwa Tomás Rivera. Alifariki mwaka 1984 akiwa na miaka 48 tu. Riwaya aliyoitoa akiwa hai ni moja, tena nyembamba, ukiazima jioni kesho yake unairudisha kwa mwenyewe. Sasa utajiuliza, mtu wa riwaya moja anapataje heshima yote hiyo? Twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu hawa Wachikano. Wengi wakisikia habari za Wameksiko walioko Marekani wanadhani wote ni wahamiaji, wamekuja juzi kwa kuruka fensi. Si kweli. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ilisaini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuachia karibu nusu ya ardhi yake. California, New Mexico na maeneo mengine yakawa ya Marekani. Texas ilikuwa imeshachukuliwa tangu 1845. Waliokuwa wakiishi huko hawakuhama hata hatua moja, wao walilala nchi moja wakaamka nchi nyingine. Baadaye wengine wengi walivuka mpaka kutafuta kazi, hasa baada ya mapinduzi ya Meksiko kuanza mwaka 1910. Basi wa zamani na wa juzi wote wakawekwa fungu moja. Hata aliyezaliwa hapo hapo, na babu yake kazaliwa hapo hapo, alionekana mgeni. Na neno Chicano lenyewe lilikuwa neno la dharau. Miaka ya 1960 vijana wakalichukua wakajiita hivyo wenyewe kwa kujivuna, na dharau ikaishiwa nguvu.

Rivera alizaliwa tarehe 22 Desemba 1935 katika mji mdogo wa Crystal City, kusini mwa Texas. Mji huo ulijulikana kwa spinachi. Waliipenda sifa hiyo kiasi kwamba mwaka 1937 walisimamisha sanamu ya Popeye, yule baharia wa katuni anayepata nguvu kwa kula spinachi. Hebu fikiria. Katuni ina sanamu mjini, lakini mwenye mgongo ulioinama kuivuna hiyo spinachi hana hata anayemjua jina.

Wazazi wake, Florencio na Josefa, walikuwa wametoka Meksiko na walikuwa vibarua wa mashambani. Wazee wetu wanaowakumbuka manamba wa mashamba ya mkonge watanielewa haraka: mtu anaitwa kwa namba, kazi yake inajulikana, yeye mwenyewe hajulikani. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka, mwezi wa nne hivi, familia zilipakiwa kwenye malori kwenda kaskazini, safari ya mamia ya maili. Iowa, Minnesota, Wisconsin, Michigan, North Dakota. Huku unapalilia viazisukari, kule unavuna mboga, unalala kwenye kibanda alichokupa mwenye shamba, halafu safari inaendelea. Walirudi Texas mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kwa hiyo mtoto aliacha shule kabla haijafungwa, na aliporudi aliikuta imeshaanza bila yeye.

Kuna jambo la kusikitisha kwenye mwaka aliozaliwa. Mwaka huo huo wa 1935 bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Vibarua wa mashambani wakaachwa nje. Yaani sheria iliandikwa, na ndani yake yakaandikwa maneno ya kuwatoa wao. Mpaka leo sheria hiyo ya kitaifa bado haiwahusu, na wanachopata wanakipata kwa sheria za majimbo machache.

Shuleni nako kulikuwa na yake. Tangu mwaka 1918 Texas ilikuwa na sheria iliyofanya kufundisha kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza kuwa kosa. Mtoto anayeongea Kihispania nyumbani aliingia darasani akakuta kinywa chake chenyewe ni kosa. Hali hiyo ilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960.

Lakini kuna shule nyingine aliyoipata, na hiyo haikuwa na kengele. Ni hadithi. Jioni kazi ikiisha, vibarua walikaa pamoja wakasimuliana: nani kafa njiani, nani kadhulumiwa mshahara, mzuka gani kaonekana wapi, kijana wa fulani kapelekwa vita gani. Hapo hapo watu wazima walicheka, walilia, walifundisha watoto. Rivera alikulia katikati ya sauti hizo. Babu yake, mzaa mama, alimtia moyo asome na aandike. Na akiwa bado mtoto alijaribu kuandika kisa cha ajali ya gari waliyoipata wakiwa safarini Michigan.

Kisha kuna habari ya maktaba. Wakiwa Iowa kwenye kazi za msimu, mhudumu wa maktaba ya mji alimwona huyu mtoto wa vibarua, akamruhusu aingie na kuazima vitabu. Jambo dogo kabisa, mama wa watu alifungua mlango tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, mwandishi Pat Mora alikitungia kisa hicho kitabu cha watoto, na sasa kinasomwa mashuleni.

Rivera aliendelea na kazi za shamba hadi mwaka 1957, huku akisoma. Alimaliza chuo cha miaka miwili kule Uvalde mwaka 1956, kisha akapata shahada ya Kiingereza mwaka 1958 kwenye chuo cha San Marcos. Mwaka huo huo akamwoa Concepción Garza, wakajaliwa watoto watatu. Akafundisha shule za sekondari huko huko Texas. Mwaka 1964 akapata shahada ya pili ya elimu, na mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Oklahoma kikampa udaktari wa fasihi. Kutoka kwenye lori mpaka udaktari, miaka kumi na miwili.

Katika miaka hiyo ya kusoma kuna kitu kilimsumbua. Alisoma waandishi wa Kiingereza, wa Kihispania, wa Marekani, akawapenda. Ila hakuwaona watu wake popote. Siku moja maktabani akakutana na kitabu cha Américo Paredes kilichotoka mwaka 1958. Paredes alikuwa msomi wa Texas, na kitabu chake kinahusu Gregorio Cortez, mkulima ambaye mwaka 1901 alifuatwa nyumbani na sherifu. Mkalimani alikosea kutafsiri neno la farasi, akachanganya dume na jike, maneno yakageuka mabishano, risasi zikalia, sherifu akafa. Cortez akakimbia siku nyingi huku akisakwa na mamia ya watu. Magazeti ya Kiingereza yalimwita jambazi. Watu wake walimtungia wimbo, na wimbo ukasafiri kutoka kinywa hadi kinywa. Paredes aliuchukua wimbo huo kwa uzito uleule ambao wasomi wengine waliwapa washairi wa Ugiriki. Kwa Rivera ilikuwa kama mtu kawasha taa. Kumbe inawezekana! Kumbe habari za watu wake zinaweza kuwa kitabu.

Nje ya maktaba nako moto ulikuwa unawaka. Mwaka 1965 vibarua wa zabibu kule Delano, California, Wafilipino kwanza na baada ya siku chache wenzao wa Kimeksiko chini ya César Chávez, waligoma. Luis Valdez akaanzisha kikundi cha maigizo kilichocheza juu ya malori pembeni ya mashamba, waigizaji wakiwa vibarua wenyewe. Mwaka 1967 Rodolfo Gonzales wa Denver alitoa shairi refu kuhusu historia na utambulisho wa Wachikano, likasomwa kwenye mikutano na maandamano. Hata Crystal City iliamka. Mwaka 1963 Wameksiko, ambao ndio waliokuwa wengi mjini, walichukua viti vyote vitano vya halmashauri kwa kura. Desemba 1969 wanafunzi wakatoka madarasani kudai wapewe haki sawa. Kwa hiyo ushairi na hadithi za Wachikano havikuzaliwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Vilizaliwa kwenye vumbi, pamoja na mabango.

Basi mwaka 1970 shirika dogo la uchapishaji la Berkeley, linaloitwa Quinto Sol, likatoa tuzo yake ya kwanza kabisa ya fasihi. Dola 1,000. Mshindi akawa Rivera. Kitabu kikatoka 1971, Kihispania upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande mwingine. Kinaitwa ...y no se lo tragó la tierra, yaani, na ardhi haikummeza.

Mhusika mkuu ni mtoto wa kiume ambaye hatajwi jina mwanzo mpaka mwisho. Anajaribu kukumbuka mwaka mmoja uliompotea. Kuna hadithi fupi kumi na mbili, kama miezi ya mwaka, na katikati yake kuna visa vifupi sana, vingine nusu ukurasa. Ni kama umeketi gizani unasikia watu wanaongea, huoni nyuso. Kwenye moja, mtoto anashikwa na kiu shambani, anakwenda kunywa maji ya ng'ombe, mwenye shamba anafyatua risasi ya kumtisha, inampata. Kwenye nyingine, lori limekufa usiku, limejaa watu waliosimama safari nzima, na kila mmoja anawaza atakachofanya wakifika. Nyingine ni ya mchuuzi wa picha kutoka San Antonio. Anachukua pesa na picha pekee ya mtoto wa watu aliyepotea vita vya Korea, eti akaikuze na kuipamba, halafu picha zinakutwa zimetupwa.

Hadithi iliyokipa kitabu jina ni nzito. Jua linamwangusha baba shambani, kisha linamwangusha mdogo wake. Mama anasali usiku na mchana. Kijana ana hasira, kwa nini wao tu? Ameambiwa tangu utotoni kwamba anayemlaani Mungu ardhi inafunguka na kummeza. Siku moja, akiwa amembeba mdogo wake, hasira zinampanda, anatamka. Anasubiri. Ardhi iko kimya, tena ngumu chini ya miguu yake. Wapo waliosoma hapo wakaona kufuru, na wana haki ya kuona hivyo. Mimi naona kingine zaidi. Mtu aliyefundishwa kuogopa kila kitu, nyapara, mwalimu, polisi, jua, mbingu, anagundua kwamba amesema neno na bado amesimama. Ukishafika hapo, nyapara atakutisha kwa lipi?

Kuna kisa kifupi ambacho mtu akipitia haraka atakiruka. Kinamhusu Bartolo, mshairi wa kuzunguka, anayefika mjini kila mwaka Desemba, vibarua wakiwa wamerudi na visenti vyao. Anauza mashairi, na ndani ya mashairi hayo mna majina ya watu wa mji huo huo. Yanaisha siku hiyo hiyo. Anawaambia wayasome kwa sauti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Rivera alipojieleza kazi yake. Mtu ambaye mwaka mzima jina lake halikuitwa popote isipokuwa kwenye orodha ya nyapara, anaisikia sauti ya jirani ikilitaja ndani ya shairi. Hajaongezewa mshahara, lakini hawezi tena kuamini kwamba yeye ni jozi ya mikono tu. Na mtu asiyeamini hivyo ndiye anayeweza kudai mshahara.

Wazo hilo analirudia kwenye hadithi nyingine, Zoo Island. Vibarua wako kambini Iowa, na watu wa mjini wanapita na magari kuwatazama kama wanyama. Kijana mmoja anaamua kufanya sensa ya kambi. Wanajihesabu wote, mpaka aliye tumboni anahesabiwa nusu, halafu wanaweka kibao chenye jina la mji wao na idadi ya wakazi. Jina wanaloweka ni la ile dhihaka yenyewe, kisiwa cha wanyama. Serikali haijawahesabu, wamejihesabu wenyewe.

Sasa kuhusu lugha. Rivera alikuwa na shahada ya Kiingereza, angeweza kuandika Kiingereza akapata wasomaji wengi zaidi. Aliandika Kihispania, tena si kile cha Madrid. Kile cha mashambani Texas, chenye maneno ambayo mwalimu wa sarufi angeyapigia mstari mwekundu. Wasomaji wa Kiswahili hili mnalielewa bila kuchorewa. Lugha ya mama ikiingia kitabuni na makovu yake, mama naye ameingia.

Msidhani lakini kwamba ndani ya harakati mambo yote yalikuwa mteremko. Hadithi yake moja, ya Pete Fonseca, kijana mjanja mjanja anayemlaghai mwanamke kisha kutokomea na gari na pesa, haikuingia kitabuni. Wachapishaji waliona inawachora Wachikano vibaya wakati huu wa mapambano. Naelewa hofu yao. Watu wakishatukanwa miaka mia, wanataka mashujaa. Ila Rivera hakuwa na haja ya malaika, alitaka watu. Wanaokopa na kutolipa, wanaogombana, wanaoibiana wenyewe kwa wenyewe. Na hapo alikuwa sahihi, maana ukidai haki kwa sababu watu wako ni wema, siku mmoja akipatikana mwizi utanyang'anywa haki yote. Hadithi hiyo ilikuja kuwekwa kwenye mkusanyo wa hadithi zake uliotoka 1989, yeye akiwa kaburini. Mashairi nayo aliandika. Mkusanyo mdogo ulitoka 1973, na yaliyobaki yakakusanywa baada ya kifo chake.

Tufike sasa kwenye swali ambalo wapenzi wake hawaliachi. Baada ya kitabu, Rivera alipanda ngazi za uongozi. Alifundisha Sam Houston State, mwaka 1971 akaenda Chuo Kikuu cha Texas kule San Antonio, akawa kiongozi hapo, mwaka 1978 akaenda El Paso kuwa makamu wa rais wa chuo, na mwaka 1979 akateuliwa mkuu wa kampasi ya Riverside ya Chuo Kikuu cha California. Alikuwa wa kwanza mwenye asili ya Meksiko kuongoza kampasi yoyote ya chuo hicho. Riwaya yake ya pili, aliyokusudia kuiita Nyumba Kubwa ya Mji, hakuimaliza. Bajeti, vikao, hotuba, safari. Kalamu ikakauka.

Alipoteza? Wapo wanaosema ndiyo, mameneja wa vyuo wako tele, mwandishi kama yule ni mmoja. Hoja hiyo ina nguvu, na siwezi kuipuuza. Hadithi ambazo hakuandika hakuna aliyeweza kumwandikia. Lakini nikimwangalia yule mtoto wa Iowa, naona mambo mawili yalimwokoa. Moja ni hadithi za jioni. La pili ni mtu aliyekuwa na ufunguo wa mlango na akaufungua. Rivera mwandishi alilipa deni la kwanza. Rivera mkuu wa kampasi alikuwa analipa la pili, ili watoto wa vibarua waingie chuoni bila kusubiri huruma ya mtu. Gharama yake ilikuwa kubwa na aliilipa yeye.

Tarehe 16 Mei 1984 moyo ulisimama ghafla, huko Fontana, California. Maktaba kuu ya Riverside ikapewa jina lake, na nyaraka zake zimehifadhiwa humo. Mwaka 1995 Severo Pérez alitoa filamu ya kile kitabu, na mwaka huo huo chuo chake cha zamani cha San Marcos kikaanzisha tuzo ya vitabu vya watoto vinavyoeleza maisha ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mtoto aliyekuwa hajioni kwenye kitabu chochote, leo jina lake ndilo linalotunuku vitabu.

Nimalizie na ukurasa wa mwisho wa riwaya. Yule kijana asiye na jina amejificha chini ya nyumba, na humo gizani anawakusanya kichwani watu wote: wafu, watoto walioungua moto, mama anayesali, waliosimama kwenye lori. Anatoka, anakuta hajapoteza kitu. Anapanda juu ya mti, anaona mti mwingine kwa mbali, anafikiri huko juu kuna mtu anamtazama. Anampungia mkono.

Wasomaji, mashamba bado yapo na vibarua bado wapo, kule na kwingine. Mnamjua nani aliyewaandika wa kwenu? Tajeni majina hapo chini, na vitabu kama mnavyo.